Sadaka kwa Hesabu: Kilichowavunja Moyo Waliokuwa Wakiiamini

Mkaazi wa Malindi hahitaji kuelezwa kwamba msaada unaweza kutolewa kwa nia safi na bado ukaleta hasara. Kwa miongo mingi wageni wa hoteli za ufuoni, Waitaliano wakiwa wengi miongoni mwao, wamewaona watoto wa mji huu na wa vijiji vya jirani wakitembea peku, wakaingiwa na huruma, na wakarudi kwao kuchangisha fedha za kujengea vituo vya kulea mayatima. Vituo vingine vimewalea watoto ambao kwa kweli hawakuwa na mtu. Vingine vimepokea watoto ambao mama au nyanya zao wako hai, waliopelekwa huko kwa sababu chakula na karo vilipatikana kituoni na havikupatikana nyumbani. Mnamo Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa vituo vipya vya watoto nchini kote, na sera ikaelekea kuwarudisha watoto katika familia. Fedha zilezile zingeweza kumwezesha nyanya kumlea mjukuu wake chini ya paa lake mwenyewe, lakini hazikumfikia, kwa kuwa nyanya haonekani kutoka kwenye baraza ya hoteli.

Naanza na jambo hili kwa sababu makala haya yanaeleza jinsi watu wengi walivyokata tamaa na harakati ya ukarimu wenye tija (kwa Kiingereza effective altruism), yaani ile inayotaka sadaka ifuate takwimu badala ya kufuata hisia, na nisingependa msomaji adhani kwamba harakati hiyo ilizuka bila sababu. Mzizi wake wa kifikra ni hoja ya mwanafalsafa Peter Singer wa Australia, aliyoichapisha mwaka 1972, wakati mateso ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, Bangladesh ya leo, yalipokuwa bado mapya. Singer aliuliza: ukipita kando ya kidimbwi ukamwona mtoto anazama, je, utaacha kumwokoa kwa kuogopa kuchafua nguo zako? Ikiwa hutaacha, basi mtoto anayekufa mbali, ambaye kifo chake kingezuilika kwa gharama kama hiyo, ana haki ileile juu yako, na umbali haupunguzi kitu. Zaidi ya miaka thelathini baadaye hoja hiyo ilipata taasisi. Mwaka 2007 Holden Karnofsky na Elie Hassenfeld, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya uwekezaji nchini Marekani, walianzisha GiveWell ili kuchunguza ni mashirika gani yanayookoa maisha kwa gharama ndogo zaidi. Mwaka 2009 Toby Ord na William MacAskill walianzisha Giving What We Can huko Oxford, ambayo wanachama wake huahidi kutoa angalau asilimia 10 ya mapato yao.

Katika kaunti yetu ya Kilifi ushahidi wa aina hii ulipatikana kabla harakati yenyewe haijapata jina. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, zimekuwa zikifanya utafiti Kilifi tangu mwaka 1989, na kati ya mwaka 1993 na 1995 watafiti waligawanya maeneo kwa kura: mengine yakapewa neti zilizotiwa dawa ya kuua mbu, mengine yasipewe katika kipindi hicho. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilipungua kwa takriban asilimia 33, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Hakuna hotuba ya mfadhili inayoweza kushindana na matokeo hayo. Baadaye ukaja ubishi mwingine: wataalamu kadhaa walishikilia kwamba neti ya bure hudharauliwa, na kwamba mtu akitozwa hata kidogo ataithamini. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliupima ubishi huo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, na mwaka 2010 wakaripoti kwamba bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliochukua neti walipungua kwa pointi 60 za asilimia, ilhali walionunua hawakuzitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Wazo lililokuwa likirudiwa katika ofisi za wafadhili kwa miaka lilikuwa limewanyima neti akina mama ambao wangezitumia.

Hapo ndipo mimi nilipoipenda harakati hii, na sehemu hiyo yake naipenda mpaka leo. Iliwalazimisha watoaji waulize ni nini kilichobadilika katika maisha ya mtu kwa sababu ya fedha zao, na kama kisingebadilika bila wao. Swali hilo la pili ndilo linaloeleza tarakimu ambayo huwashangaza wengi. Neti moja hugharimu dola chache tu, lakini GiveWell imekuwa ikikadiria kwamba kuokoa maisha ya mtu mmoja kupitia mashirika bora kabisa hugharimu kati ya dola 3,000 na 5,500. Tofauti hiyo inatokana na ukweli kwamba watoto wengi wanaolala ndani ya neti wasingekufa hata kama wangelala nje yake, na baadhi yao wangepata neti kwa njia nyingine. Anayetangaza kwamba dola tano zinaokoa mtoto anadanganya. Anayesema elfu kadhaa amefanya kazi ya kuhesabu. Kwa mtu aliyezoea mabango ya wafadhili yenye picha ya mtoto mwenye nzi usoni, ukweli wa namna hiyo ulikuwa faraja kubwa.

Basi kwa nini watu wengi walioipenda wanaiacha? Kwa maoni yangu hawakuichoka hesabu. Walichoshwa na kuona kwamba ukali wa hesabu ulibaki kwa maskini na miradi inayowahusu, na kila hesabu ilipowageukia watoaji wenyewe, asili ya fedha zao na mambo waliyoyapenda, ukali ule ulilegezwa.

Ulegevu huo ulianza taratibu, na mahali pazuri pa kuuona ni katika dawa ya minyoo. Kuanzia mwaka 1998 wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, ambako wanafunzi walipewa dawa hiyo kwa zamu, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba utoro katika shule zilizopewa dawa ulipungua kwa robo. Kwa kuwa dawa ya minyoo ni rahisi mno, harakati iliikumbatia. Mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua upya takwimu zilezile, wakakuta makosa kadhaa na wakaonyesha kwamba sehemu ya manufaa yaliyodaiwa, hasa kwa shule za mbali, haikusimama. Mabishano yalikuwa makali, na sehemu ya hoja za Miguel na Kremer iliendelea kutetewa kwa nguvu. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa jumla ya kazi yao ya kupima miradi kwa majaribio. Ninachotaka msomaji akione ni namna GiveWell ilivyojibu. Ilisema wazi kwamba huenda faida ya muda mrefu ya dawa hiyo ni ndogo sana au haipo, lakini ikaendelea kuipendekeza kwa miaka kadhaa, kwa sababu ukizidisha uwezekano mdogo kwa faida ambayo ingekuwa kubwa mno kama ipo, jibu linazishinda kazi nyingine nyingi.

Hesabu hiyo ya kuzidisha uwezekano kwa ukubwa wa faida si haramu. Mkulima wa Magarini, hapa Kilifi, huifanya kila anapopanda kabla ya mvua kuwa na uhakika. Lakini inabadilisha aina ya ushahidi unaodaiwa. Katika neti, tarakimu ilitoka kwa watoto waliohesabiwa. Katika minyoo, nusu ya tarakimu ilitoka kwa wanafunzi na nusu ikatoka katika kichwa cha mkadiriaji. Hatua iliyofuata iliondoa wanafunzi kabisa. Mwanafalsafa Nick Bostrom, aliyekuwa Oxford, aliandika mwaka 2013 kwamba kupunguza hatari ya binadamu wote kuangamia kwa sehemu moja tu ya milioni ya asilimia moja kuna thamani ya angalau mara mia ya maisha ya watu milioni moja, kwa sababu watu watakaozaliwa katika karne zijazo ni wengi kupita kiasi. Ukiikubali hoja hiyo, hakuna neti inayoweza kushindana nayo tena. Fedha na vijana hodari wa harakati walianza kuelekea kwenye hatari za akili mnemba na mustakabali wa mbali, na mwaka 2022 kundi hilo ndilo lililokuwa likisikika zaidi.

Sisemi kwamba hatari hizo ni za kubuni. Akili mnemba inastahili watu wa kuilinda dunia dhidi yake. Nasema kwamba mradi wa neti hutakiwa uonyeshe, mwaka baada ya mwaka, ni neti ngapi zimetundikwa na ni watoto wangapi wamelala ndani yake, huku mradi wa kuwaokoa watu watakaoishi miaka elfu kumi ijayo ukipewa mamilioni bila kuonyesha kitu ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukikagua. Mwaka huohuo wa 2022 jumba la kihistoria la Wytham Abbey karibu na Oxford lilinunuliwa kwa takriban pauni milioni 15 liwe mahali pa mikutano ya harakati. Waliolitetea walisema kwamba jumba halipotezi thamani yake yote na linaweza kuuzwa tena, na kweli baadaye liliwekwa sokoni. Utetezi huo una hoja ndani yake. Lakini zahanati ya kijijini inayoomba choo haisikilizwi kwa hoja ya namna hiyo.

Kisha likaja suala la fedha zenyewe. Mwaka 2012 MacAskill alikutana na mwanafunzi wa chuo cha MIT aliyeitwa Sam Bankman-Fried na kumshawishi kwamba angeweza kufanya mema zaidi kwa kutafuta kazi yenye mapato makubwa na kuyatoa. Bankman-Fried alianzisha soko la sarafu za kidijitali la FTX, akawa bilionea, na mwaka 2022 mfuko wake wa ufadhili uliahidi na kugawa zaidi ya dola milioni 100 kwa kazi za mustakabali wa mbali, MacAskill akiwa miongoni mwa washauri. Katika mahojiano ya mwaka huohuo Bankman-Fried alisema bila kusita kwamba angekubali kucheza kamari ya kuipoteza dunia nzima au kuizidisha mara mbili, mradi uwezekano wa kushinda uzidi nusu kidogo. Novemba 2022 FTX ilianguka, ikabainika kwamba fedha za wateja zilikuwa zimetumiwa kinyume cha sheria. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya New York ilimpata na hatia katika mashtaka yote saba, na Machi 2024 akafungwa miaka 25. Washauri wa mfuko walijiuzulu siku zilezile za kuanguka. Watu waliokuwa na ufundi wa kukagua kila dola inayoingia Busia hawakuwa wameikagua ile iliyokuwa ikiingia kwao.

Msomaji wa Pwani atakuwa ameshaona kasoro iko wapi, kwa kuwa ndiyo mlango wa kwanza wa mafunzo yetu kuhusu sadaka. Hadithi inayosomwa katika kila madrasa, kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na hapokei ila kilicho kizuri, inamfanya mtoaji aanze kwa kuulizwa alikoipata mali kabla ya kuulizwa anakoipeleka. Zaka nayo ni mfumo wa hesabu. Ina kiwango, sehemu moja kwa arobaini ya mali iliyotimiza nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na mwaka, na ina makundi manane ya wapokeaji yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Inatofautiana na Singer katika suala la umbali: Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwagiza kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wa watu wale na irudishwe kwa maskini wao. Wanazuoni wameruhusu kuihamisha pale penye haja kubwa zaidi, lakini asili yake ni kwamba mpokeaji ana jina, ana jirani wanaomjua, na anaweza kumkuta mtoaji msikitini na kumwambia kwamba alichopewa hakikutosha. Sitaki kuupamba mfumo wetu. Katika miji yetu ya Pwani bado tunaona watu wakipanga foleni mbele ya maduka wakati wa Ramadhani ili wapewe noti moja ambayo haiwafikishi kesho, huku mwenye duka akiwa ametimiza faradhi. Mtu wa GiveWell angeuliza kwa nini noti zile zote zisimlipie deni mjane mmoja akaanza upya, na angekuwa na haki.

Lakini katika suala la jirani, takwimu zenyewe zimeishia kuunga mkono kile ambacho wanavijiji wangeweza kusema tangu mwanzo. Shirika la GiveDirectly, ambalo lilianza kazi yake magharibi mwa Kenya kwa kuwatumia maskini fedha taslimu kupitia M-Pesa bila masharti, lilikuwa katika orodha ya mashirika bora ya GiveWell tangu mwaka 2012. Mwaka 2022 liliondolewa, kwa sababu kiwango kipya kilidai kwamba shirika liwe na tija mara kumi hivi kuliko kugawa fedha. Mwaka huohuo ukachapishwa utafiti uliofanyika Siaya, katika vijiji 653, ambako zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Watafiti walikuta kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo hilo, na kwamba majirani ambao hawakupewa chochote waliongeza matumizi yao kwa kiasi kinachokaribia kile cha waliopewa. Mpokeaji alinunua mabati, fundi akalipwa, mke wa fundi akanunua samaki, muuza samaki akalipa karo. Mwaka 2024 GiveWell ilirekebisha makadirio yake na kutangaza kwamba kugawa fedha kuna tija mara tatu hadi nne kuliko ilivyokuwa ikidhani.

Nawaheshimu kwa kulitangaza jambo hilo hadharani. Ni mashirika machache yanayothubutu. Lakini tukumbuke kwamba fedha taslimu zilikuwa ndicho kipimo ambacho kazi nyingine zote zililinganishwa nacho. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro kubwa kiasi hicho kwa miaka, na kasoro yenyewe ilihusu majirani, kitu cha kwanza ambacho mzee yeyote wa mtaa angekitaja kama angeulizwa msaada unaenda wapi baada ya kufika.

Na hapo ndipo ninapoona chanzo cha kukata tamaa kilipo. Watu wanaosaidiwa huulizwa maswali mengi sana. Hupimwa uzito, huhesabiwa mbuzi wao, huulizwa walikula nini jana. Ni nadra kuulizwa lipi litangulie. Mwaka 2019 GiveWell ilifadhili utafiti kwa watu maskini takriban 2,000 wa Kenya na Ghana ili kujua wanavyolinganisha uhai na kipato, na majibu yalionyesha kwamba waliuthamini uhai, hasa wa watoto wadogo, kuliko nadharia zilizotokana na nchi tajiri zilivyokuwa zikikisia. GiveWell iliyaingiza majibu hayo katika mizani yake. Ulikuwa mwanzo mzuri, lakini wahojiwa walichagua kati ya mambo mawili yaliyokwisha kuchaguliwa na wengine. Nani angefikiria kuuliza kuhusu punda? Lamu, ambako gari ni kitu cha nadra na mawe, saruji na maji hubebwa mgongoni mwa punda, shirika moja la Kiingereza lilifungua mwaka 1987 kituo cha kuwatibu wanyama hao bure. Katika orodha yoyote ya tija kituo hicho kingekuwa chini kabisa. Kwa mchukuzi ambaye riziki yake yote ni punda mmoja mwenye kidonda, hakuna hospitali iliyo muhimu kuliko hiyo, na majibu yake hayamo katika dodoso lolote kwa sababu swali halikuwamo.

Kuna tukio la Homa Bay ambalo mara nyingi husimuliwa kama ushahidi wa ujinga wa watu wa vijijini. Mwaka 2015 GiveDirectly ilipoingia huko, karibu nusu ya waliochaguliwa walikataa fedha, kwa uvumi kwamba zilitoka kwa waabudu shetani. Uvumi ulikuwa wa uongo, na waliokataa walijinyima mtaji. Hata hivyo maswali yaliyokuwa chini ya uvumi ule yalikuwa ya haki: ni nani anayetoa mali nyingi hivi kwa mtu asiyemjua, aliipata wapi, na atataka nini baadaye? Kama maswali hayo yangeulizwa kwa bidii hiyohiyo katika ofisi za Oxford na za California mwaka 2021, huenda sehemu ya aibu ya FTX ingeepukika.

Wengi ninaowajua miongoni mwa waliovunjika moyo hawajaacha kutoa. Bado wanatuma fedha za neti, kwa kuwa watoto wa Kilifi waliookolewa katika miaka ya tisini ni kweli tupu na hawakufutwa na kosa la bilionea. Wameacha kuiamini harakati kama mahali pa kukabidhi dhamiri zao. Na haja haijapungua. Neti zinazogawiwa bure Pwani kwa sehemu kubwa zimekuwa zikilipiwa na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria pamoja na serikali ya Marekani, na mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID, swali la nini kitangulie liliacha kuwa la wanafalsafa. Kukiwa na kidogo, kuchagua hakuepukiki, na anayechagua bila hesabu atarudi kuchagua kwa macho, kama mgeni wa hotelini.

Kwa hiyo ninachodai ni hesabu iliyo kali kwa pande zote mbili. Mfadhili atangaze asili ya fedha zake kwa uwazi uleule anaoudai kwa zahanati. Makadirio yaliyotoka kichwani yatenganishwe na yaliyotoka kwa watu waliohesabiwa, yasijumlishwe katika orodha moja kana kwamba ni kitu kimoja. Na orodha ya kazi bora itakapotungwa tena, watu wa Ganze na Magarini wawepo tangu siku maswali yanapopangwa, walipwe kwa kazi hiyo kama wanavyolipwa wachumi, na wasomewe majibu kabla hayajachapishwa.